Nakala Tatu

Saa kumi na mbili kasorobo, Dagoretti.
Ukungu umelalia mabati ya machinjio
na lori la Moyale ndiyo kwanza linazima injini.
Ng'ombe ishirini na wanane mahali pa kumi na wanane:
nimewahesabu kwa pembe,
maana miguu haikuhesabika.

Mimi ni Kemunto, mkaguzi.
Nina koti jeupe, gambuti zinazovuja,
na kijitabu cha nakala tatu:
nyeupe ya mkosaji, ya waridi ya mahakama,
ya manjano ya kubaki.
Sheria naijua kama njia ya choo usiku.
Usisokote mkia. Usipige palipovunjika.
Usimfunge mnyama kama mzigo wa kuni.
Mpe maji.

Dalali keshapanda kreti ya soda:
"Arobaini! Arobaini na mbili!
Wewe umeinua kidole au unakuna sikio?"

Fahali wa madoa, kumi na saba ya chokaa ubavuni,
hasimami.
Goti la mbele limeelekea upande
ambao goti halielekei.
Kijana mwenye fimbo ya msumari anamtia pilipili jichoni
na fahali, hili ndilo lililonishinda,
fahali anajaribu kutii.

"Simamisheni mnada."
Kimya. Kisha kicheko cha watu wanaojua bei ya kimya.
Galgalo, mwenye mali, ananijia na salamu ndefu,
anauliza watoto, anauliza mvua ya Nyamira,
na kiganjani ana noti iliyokunjwa ndogo kama hirizi.
"Daktari, ni ya chai."
"Chai nimekunywa."
"Basi ya mandazi."

Naandika. Kosa la kwanza, la pili, la tatu;
kalamu inachimba hadi kwenye manjano.

Ndipo Halkano, dereva, anapoteremka,
macho mekundu kuliko ya fahali.
"Niandike na mimi," anasema.
"Siku tatu sijalala. Kitanda changu ni miraa.
Vizuizi kumi na vinne, kila kizuizi na mkono wake.
Nikisimama kuwanywesha nachelewa,
nikichelewa silipwi.
Hilo lina kifungu?"

Nikapekua, kwa heshima tu.
Jibu nililijua.

Hatukusema zaidi. Akatwaa karai, nikatwaa ndoo.
Bomba la choo cha umma, mtungi shilingi ishirini;
nililipia kumi na minne, risiti sikupewa.
Walikunywa kwa sauti ambayo hadi leo inanisumbua kuieleza:
gunia linaloburutwa, labda,
au mtu anayesoma kwa haraka barua iliyotoka kwao.
Dalali mwenyewe alishuka kwenye kreti akatazama.

Kumi na saba hakunywa.
Alimalizwa pale pale, mara moja, bila mnada,
kama sheria isemavyo,
na vumbi likakaa juu ya jicho lake, likatulia.
Galgalo alihesabu kwa vidole.
"Huruma yako, daktari, imenigharimu elfu sitini."
Hakusema uongo.
Nilichana ile nyeupe, nikampa.

Jioni shemeji alinialika mbavu za kuchoma.
Nilikula. Na mimi sitasema uongo:
zilikuwa tamu, nikaomba na kachumbari.

Faini ililipwa kabla ya wiki kuisha.
Ile ya manjano nimeiweka kwenye droo
pamoja na kadi za chanjo za wanangu,
sijui kwa nini hapo.

Jumatatu iliyofuata, lori lile lile,
Halkano yule yule, safari hii ana utingo wa kupokezana usukani.
Nikahesabu pembe.
Nikarudia, kwa sababu ya ukungu.
Ishirini na sita.

Si kumi na wanane. Cheka ukitaka.
Lakini kati ya mbavu na mbavu
palikuwa na upenyo wa kupitisha mkono,
nami nikaupitisha.